Mzee alikuwa hai, dakika ishirini kwa gari: barua ya wazi kwa wakuu wa makumbusho ya ndege za modeli

Kwenu wakurugenzi, wahifadhi na wajumbe wa bodi za majumba ya makumbusho yanayopokea ndege za modeli, yaani vile vindege vidogo vinavyojengwa kwa mkono,

Salamu. Mimi ni mlezi wa wazee. Kazi yangu ni kuogesha, kulisha, kuhesabu vidonge, kukumbusha miadi ya daktari, na kusikiliza. Hilo la mwisho halimo kwenye mkataba, lakini ndilo linalokula saa nyingi. Nimeifanya kazi hii Ohio kwa miaka 14. Kabla ya hapo nilikuwa Tanga, na wala sikuwahi kuota kwamba siku moja ningejua tofauti ya ndege ya mpira na ndege ya nyaya.

Naandika kwa Kiswahili. Tafsiri nitawapelekea, msiwe na wasiwasi. Ila haya ninayotaka kuyasema niliyaishi kwa Kiswahili: ndiyo lugha niliyokuwa nikihesabia mizunguko ya mpira, na Mzee mwenyewe, mjenzi wa vindege niliyekuwa nikimlea, alifika mahali akawa ananisahihisha nikiruka mia tatu. Tena wako wenzangu wengi, Watanzania, Wakenya, Wakongo, wanaolea wazee wa nchi hii. Baadhi yao leo hii wanafua nguo katika vyumba vya chini ya nyumba huku vindege vimening'inia juu ya vichwa vyao, na hawajui wanachokitazama. Nataka nao waisome.

Siku yangu ya kwanza kwa Mzee niliteremka ngazi kwenda kutafuta mashine ya kufulia, nikasimama katikati ya ngazi. Palikuwa na harufu ya bibi yangu. Bibi alikuwa akitupaka mafuta ya nyonyo kichwani kila Ijumaa, na nyonyo ikishapata joto la jua haina mfano wake duniani. Nikasema, basi, uchovu umenifika kichwani. Kumbe ni injini. Zile injini ndogo za vindege, nyingine hazizidi kidole gumba, hunywa methanoli iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo, kwa sababu nyonyo hung'ang'ania chuma hata kikiwa cha moto sana. Yakiungua huacha utando wa rangi ya asali unaoganda kila mahali, kwenye mbao, kwenye karatasi, kwenye mikono ya mwenye ndege. Mzee alikuwa amerusha vindege miaka sabini na kitu, na chumba chake kizima kilikuwa kimepakwa nyonyo kama kichwa cha mtoto wa shule.

Juu darini vilining'inia vindege vipatavyo arobaini. Vingine vya karatasi nyembamba iliyovutwa juu ya mbavu za balsa, ule mti mwepesi wa Ecuador ambao ubao wake ukiushika unajiuliza kama umeshika kitu. Vingine vya nyaya mbili, ambavyo mrushaji husimama katikati na kindege humzunguka kama ngamia wa kinu cha mafuta, ila huyu ngamia anapita kwa kasi ya gari la barabara kuu. Na kimoja chekundu, chenye mabawa marefu kuliko mimi, ambacho ndicho hasa kilichonifanya niandike barua hii.

Kabla sijafika kwa hicho chekundu, niwaambie jinsi Mzee alivyonifundisha. Kila Jumanne ya pili ya mwezi, ukumbi wa kanisa moja ulikuwa ukifunguliwa kwa wazee wenzake wa kurusha vindege vya mpira ndani ya nyumba. Yeye macho yalikuwa yameanza kumtoka, katikati ya kila kitu anaona doa, na mikono inatetemeka. Basi kazi ya kukaza mpira ikawa yangu. Unaufungua mpira kwenye pua ya kindege, unaushikiza kwenye kekee ndogo ya mkono, halafu unarudi nyuma ukiuvuta mpaka uwe mara nne, mara tano ya urefu wake. Ndipo unaanza kuzungusha, na kadiri unavyozungusha ndivyo unavyosogea mbele taratibu, mpira unajifunga mafundo, mafundo yanafunga mafundo mengine. Ukiukaza bila kuuvuta kwanza, hufiki hata nusu ya mizunguko. Ukizidisha, unakatika, na ukikatika ndani ya kindege unakipasua vipande. Mzee alikuwa akishika kindege mbele, ameinamisha kichwa, anasikiliza mpira. Hakuwa akiutazama. "Bado," anasema. "Bado. Hapo." Kisha anakiachia mkononi kama mtu anayemwachia njiwa, nacho kinapanda kwa kujizungusha, bila haraka yoyote, hadi karibu na taa za dari, na ukumbi mzima unanyamaza.

Mpira ule ule ndio ulioanzisha mambo yote haya, na Mzee hakuchoka kunieleza. Mwaka 1871, katika bustani ya Tuileries mjini Paris, kijana Alphonse Pénaud alirusha kindege cha mpira kikaruka kwa sekunde 11 mbele ya watu. Mwaka 1878 askofu Milton Wright alirudi nyumbani kwake Cedar Rapids, Iowa, na kidude cha kuchezea kilichotokana na usanifu wa huyo huyo Pénaud: mapanga ya kuzunguka, vijiti, karatasi na mpira. Alikirusha hewani, na wanawe wawili, Wilbur wa miaka 11 na Orville wa miaka 7, wakakiona kikipanda badala ya kuanguka. Miaka 25 baadaye, tarehe 17 Desemba 1903, Orville aliruka kule Kitty Hawk kwa sekunde 12, ndani ya ndege ya injini waliyoijenga wenyewe. Mzee alikuwa akicheka kila akifika hapo. Sekunde 11, halafu sekunde 12! Miaka 32 kuongeza sekunde moja, anasema, ila safari hii na mtu ndani.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo penye hoja yangu. Kile kidude cha akina Wright kilichezewa hadi kikavunjika. Walitengeneza vingine kwa kukiiga, wakagundua kwamba kadiri walivyovikuza ndivyo vilivyozidi kukataa kuruka, wakaviacha wakahamia kwenye tiara. Kama tungekitegemea kitu chenyewe, leo tusingekuwa na lolote la kuonyesha. Tunakijua kwa sababu wenyewe walisimulia. Kitu kilikufa, maneno yakabaki. Ninyi mnafanya kinyume: mnachukua kitu, mnaacha maneno yafe.

Nasema hivi kwa sababu niliona kwa macho yangu.

Mwezi wa Machi, watoto wa Mzee walipokwisha kukubaliana kwamba nyumba iuzwe na yeye ahamie kwenye makao ya wazee, walikuja watu wawili na gari la mizigo kutoka jumba moja la makumbusho. Jina lake sitalitaja. Niseme tu kwamba si lile la Muncie, Indiana, la chama cha warusha modeli cha Marekani, maana najua wengi mtalifikiria hilo kwanza. Walikuwa watu wenye adabu. Walinisalimia, walivua viatu mlangoni, walivaa glovu. Walikaa muda wa saa mbili, wakachagua vindege 11, wakavifunga kwa karatasi laini na kuvitia katika maboksi waliyokuja nayo. Mtoto mkubwa wa Mzee alitia saini hati ya kukabidhi zawadi akiwa ameiweka juu ya mfuniko wa mashine ya kufulia, kwa kuwa meza zote zilikuwa zimejaa. Niliwaambia, "Mzee ana madaftari." Mmoja akajibu kwa upole kwamba watarudi kwa ajili ya karatasi.

Alhamisi ya wiki iliyofuata lilikuja kontena la taka. Ubao wa kujengea, ule wenye matundu ya pini maelfu kwa maelfu, uliingia humo. Sanduku la uwanjani, lenye bomba la sindano la kutilia mafuta, vibanio vya nguo, spana alizozikata mwenyewe ili zifike pembeni ya injini, na kitambaa chenye nyonyo ya miaka, liliingia humo. Mabawa yaliyovunjika, yote. Mtoto wake si mtu mbaya, alikuwa na siku nne za likizo na nyumba nzima ya kumaliza. Aliniambia nichukue ninachotaka. Nilichukua madaftari manne, ile kekee ya kukazia mpira, na kindege kimoja cheusi ambacho nitakieleza baadaye.

Mzee aliishi hadi Oktoba. Miezi saba, katika chumba chenye dirisha linalotazama maegesho, dakika ishirini kwa gari kutoka kwenye hilo jumba. Miguu ilikuwa imekwisha, macho yamekwisha, lakini kichwa kilikuwa cha mtu wa miaka arobaini. Aliweza kukutajia unene wa kila ubavu wa bawa. Aprili aliniomba nimnyoe ndevu vizuri, maana watu wa makumbusho wakija huenda watakuja na kamera. Mei aliniuliza kama wamepiga simu. Juni aliuliza tena. Baada ya hapo hakuuliza, nami sikumkumbusha.

Baada ya mazishi nilichukua siku moja ya mapumziko nikaenda. Hicho chekundu kilikuwa kimetundikwa vizuri sana, kwenye taa nzuri, na nilijivuna kama vile nimekijenga mimi. Kisha nikasoma kibao. Kilisema: kindege cha mashindano, balsa na karatasi, takriban 1950, mjengaji hajulikani, zawadi ya familia. Na chini yake, kwa herufi ndogo: uharibifu wa moto kwenye mkia.

Mjengaji hajulikani! Ndugu zangu, namba iko juu ya bawa, kila tarakimu kubwa kama kiganja changu. Ni namba ya uanachama. Chama cha warusha modeli, AMA, kilichoanzishwa 1936, kimekuwa kikitoa namba kwa wanachama wake, na wanachama huiandika kwenye ndege ili kama imepotelea shambani kwa mtu, au imevunja kioo cha mtu, ijulikane ni ya nani. Namba ile ilikuwa ni Mzee. Ilikuwa ni yeye kuliko saini yake, maana saini ilibadilika mikono ilipoanza kutetemeka, namba haikubadilika. Simu moja ingetosha.

Na huo moto. Hapa nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akanitazama. Kindege cha aina ile huruka chenyewe, hakina nyaya wala redio. Injini hufanya kazi kwa sekunde chache, hukipandisha juu, huzimika, kisha kindege huelea. Kikikutana na hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, hakishuki tena. Kinaenda zake. Mzee alipoteza kindege chake cha kwanza cha namna hiyo akiwa na miaka 15, alikitazama hadi kikawa nukta, na nukta ikaisha. Dawa yake ni utambi. Unafunga kipande cha utambi unaoungua polepole mkiani, karibu na kimpira kilichoshikilia mkia; unauwasha kabla ya kuachia ndege; baada ya dakika kadhaa moto unafika kwenye kimpira, unakikata, mkia unainuka ghafla, na kindege kinashuka kama lifti. Kwa hiyo alama nyeusi pale mkiani si uharibifu. Ni saa. Ni ushahidi kwamba kilirushwa, kwamba utambi ulifanya kazi, kwamba kilirudi. Daftari la pili, ukurasa wa 31, lina orodha ya urefu wa tambi na dakika zake, na mahali pamoja ameandika kwamba siku hiyo aliusahau utambi, kindege kikakaa wiki tatu kwenye shamba la mahindi la mtu, mwenye shamba akakirudisha akiwa amekifunga juu ya paa la gari.

Niliuliza kwa adabu kama ninaweza kuongea na mhusika. Nikaambiwa kwamba taarifa za vitu hupokewa kutoka kwa mtoaji au warithi. Mimi ni nani kwao? Niliyemwogesha. Nikaambiwa pia, kama habari njema, kwamba mkia umewekwa kwenye orodha ya vitu vitakavyotengenezwa pesa ikipatikana.

Naomba msiutengeneze.

Nayaelewa mazingira yenu, nisije nikaonekana naandika kwa hasira tu. Kizazi kilichojenga vindege kikiwa na miaka kumi katika miaka ya 1930, 1940 na 1950 kinaondoka, na kila anayeondoka anaacha chumba kilichojaa. Mnapigiwa simu na watu waliopewa siku nne za likizo. Stoo zenu zimejaa, wafanyakazi wenu wachache, nusu yao wa kujitolea, na balsa ni mti mchungu kutunza: unyevu ukipanda unapinda, ukishuka karatasi inapasuka, jua linaifuta rangi. Kukataa baadhi ya vitu ni haki yenu. Ninachoomba ni mkatae kwa sauti, siku ile ile, mbele ya mwenye vitu, ili sisi tuliobaki tujue cha kuokoa kabla kontena halijafika. "Tutarudi" inatupa usingizi.

Baba yangu alikuwa karani wa stoo katika shamba la mkonge. Kila gunia lililoingia lilipata mstari, na hakumruhusu mtu kushusha mzigo kabla hajaandika. Mali bila daftari hupotea bila habari, alikuwa akituambia hata kwa mambo ya penseli za shule. Nanyi mna daftari, tena zuri kuliko la baba: kila zawadi inapata namba yenye sehemu tatu, mwaka, zawadi ya ngapi mwaka huo, na kitu cha ngapi ndani ya zawadi hiyo. Nimeliona kwenye kibao cha chekundu. Lakini mmeandika namba yenu mkaacha kusoma namba yake.

Nilipokuwa darasa la sita tulipelekwa Dar es Salaam, Makumbusho ya Taifa, na mwalimu alitusimamisha mbele ya fuvu la Zinjanthropus, lile aliloliona Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959. Mvulana mmoja aliuliza kwa nini mfupa mmoja una kelele nyingi hivyo. Mwalimu akasema ni kwa sababu tunajua ulitoka kwenye tabaka gani la udongo. Ungekuwa umeokotwa sokoni, akasema, ungekuwa mfupa. Nadhani kindege nacho kina tabaka lake, nalo liko katika vichwa vya watu wa miaka 85 na 90, na udongo huo hausubiri mchimbaji.

Kwa hiyo kinasa sauti kije kabla ya maboksi. Simu ya mkononi inatosha. Mkalisheni mwenye kindege, mkiweke mapajani mwake, akipapase, mumwulize kwa nini bawa la kulia lina mbao nyeusi kidogo kuliko la kushoto. Huyu wangu angewaambia kwamba la kushoto ni la 1951 na la kulia ni la 1953, baada ya kugonga mti, na kwamba mbao za mara ya pili alizinunua kwa pesa za kukata nyasi. Mzee asipoona si sababu ya kuacha kumwuliza. Mnamjua Maynard Hill, yule mjenzi wa vindege wa Marekani, vizuri kuliko mimi: mwaka 2003, akiwa na miaka 77, haoni sawasawa wala hasikii sawasawa, kindege chake cha balsa chenye uzito usiofika kilo 5 kiliondoka Newfoundland, Kanada, kikavuka Atlantiki kwa takriban saa 39 na kutua Ireland. Mtu kama huyo anajenga kwa vidole, na vidole vinakumbuka.

Madaftari chukueni hata kama mmekataa ndege. Daftari halihitaji dari. Sanduku la uwanjani nalo, likiwa chafu hivyo hivyo, maana ndimo mtu alimokuwa anaishi siku ya mashindano. Na vilivyovunjika. Mkichukua vizima tu, mtawafundisha watoto kwamba kurusha ndege ni kuning'iniza.

Jambo la stoo, ambalo halihitaji mkutano wa bodi: toeni mipira. Niliona kindege kimoja cha mpira katika kabati la jumba lile kikiwa bado na mpira wake ndani, umeyeyuka, umekuwa mweusi na kunata kama molasi, unashuka kwenye balsa. Mzee alikuwa hawezi kulala usiku akijua kuna mpira umebaki ndani ya ndege. Na betri kwenye vile vya redio, angalieni leo, si kesho.

Halafu mwulizeni aliye karibu. Fomu zenu zina nafasi ya mtoaji na nafasi ya mrithi. Hazina nafasi ya jirani aliyekuwa akimpeleka uwanjani, wala mke aliyeshona mfuko wa kubebea mabawa, wala kijana wa kukodiwa aliyepanda juu ya paa kuteremsha kindege, wala mlezi. Mtoto wa Mzee hakuwa amekaa naye katika chumba kile tangu alipomaliza shule ya sekondari, na mwenyewe alinikiri hivyo bila aibu. Alitia saini kile alichokuwa na haki nacho. Nilichokuwa nacho mimi hakikuwa na mstari wa kutia saini.

Wapo wanaofanya vizuri, na ni haki kuwataja. Ndugu mapacha Walter na William Good wa Kalamazoo, Michigan, waliorusha ndege yao ya Guff kwa redio tangu miaka ya 1930, waliishi kuona ikiingia Smithsonian, makumbusho ya taifa ya Marekani, na maelezo ya jinsi ilivyofanya kazi yalitoka kwa walioijenga. Huko Muncie nako wana utaratibu wa kukusanya wasifu wa warusha modeli, wakiwemo watu wa kawaida kabisa. Ina maana jambo hili linawezekana, tena bila fedha za ajabu.

Sasa kile cheusi. Ni cha mti mgumu, kidogo, hakina injini, hakina mpira, hakiruki. Wale watu wawili wa makumbusho walikigeuza mara moja wakakirudisha mezani. Si cha Mzee, ni cha kaka yake mkubwa. Mwaka 1942 Jeshi la Wanamaji la Marekani liliomba wanafunzi wa sekondari nchi nzima wachonge modeli 500,000 za ndege za kirafiki na za adui, kwa kipimo cha 1 kwa 72, zipakwe rangi nyeusi tii, ili askari wajifunze kutambua umbo la ndege angani kabla ya kufyatua. Kaka alichonga kadhaa. Hii ilikataliwa na mkaguzi kwa sababu bawa moja lilizidi kidogo, kwa hiyo ikabaki nyumbani, na mdogo wake wa miaka minane akairithi. Balsa ilikuwa imechukuliwa na vita wakati huo. Vindege vya kwanza vya Mzee vilikuwa vya kadibodi na msonobari. Ndiyo maana, aliniambia, hadi uzeeni hakuweza kutupa kipande cha balsa hata kikiwa cha urefu wa njiti ya kiberiti. Chini ya tumbo la hicho cheusi kuna alama ya X ya mkaguzi kwa chaki nyeupe. Niliifunika kwa mfuko ili isifutike. Miaka themanini na zaidi, chaki!

Nimekiweka juu ya kabati langu, pamoja na madaftari manne na kekee. Navitoa. Kwa jumba lile lile, wala sina kinyongo, kwa sababu hicho chekundu kiko huko na madaftari yanapaswa kulala karibu nacho. Ninachotaka ni mtu mmoja aje nyumbani kwangu akae na mimi, siku ya Jumamosi baada ya adhuhuri, tufungue kurasa pamoja na chai ipo. Nitasoma, atauliza. Anirekodi. Kibao kibadilishwe, mkia uachwe ulivyo.

Mje na fomu yenu. Nitaijaza mwenyewe, na pale panapouliza uhusiano wangu na aliyekijenga, nitaandika kwamba nilikuwa nikimkazia mpira.

Wenu,
Mlezi wa wazee, karibu na Dayton, Ohio